Kipumulio

Ni kitu kidogo, hakizidi kidole gumba, na kimelala hapa juu ya meza ninapoandikia, karibu na kikombe cha chai. Zamani kilikuwa na rangi ya manjano inayong'aa. Sasa ni cheusi kama kisahani cha ubani. Nikikitikisa hakisemi kitu. Kipya kikitikiswa husema, maana ndani yake mna kijichuma kinachopanda na kushuka juu ya springi nyembamba, na sauti yake ni ya punje ya mahindi ndani ya kibuyu kikavu. Hiki changu ni bubu. Kilikaa kwenye injini ya Corolla ya marehemu baba, gari lililotoka kiwandani Japani mwaka 1998, na kwa jinsi kilivyokuwa kimeganda sidhani kama mkono wa mtu uliwahi kukigusa. Jumamosi moja ya mwezi uliopita nilikaa nacho nusu siku nzima chini ya mwembe wetu wa Tabata, nikikiomba kitoke.

Kabla ya hapo tulilala na kuamka na doa. Kila asubuhi chini ya injini palikuwa na doa la oili, na kila asubuhi binti yangu alilipima kwa kandambili yake kabla ya kwenda shule: leo kandambili moja, leo moja na nusu. Gereji ya kwanza walibadilisha sili. Baada ya wiki tatu doa likarudi. Gereji ya pili wakabadilisha sili nyingine, na gasketi ya kava la tapeti, doa likahama upande. Fundi wa tatu alinitazama kwa huruma, akasema injini imechoka, ishushwe. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu fedha za kuishusha nilipokutana na mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyefanya kazi karakana ya reli mpaka akastaafu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akalitazama gari kwa mbali, mikono nyuma. "Mwanangu," akasema, "unatibu vidonda, na homa umeiacha ndani. Gari la mzee wako limezibwa pumzi. Zibua kwanza panapopumulia, halafu ndiyo uniambie sili gani mbovu."

Watu wengi tunajua kwamba injini hula petroli na kutoa moshi kwa nyuma. Tusichokijua wengi ni kwamba si moshi wote unaotii njia hiyo. Petroli inapoungua juu ya pistoni, ringi hubana kadiri zinavyoweza, lakini hakuna ringi inayobana kila kitu. Kila mlipuko mmoja hupenyeza kiasi kidogo kuteremka chini, kwenye chumba cha kranki, mahali ambapo oili imekaa gizani ikifanya kazi yake ya kulainisha. Huko chini hushuka mvuke wa maji, petroli isiyoungua, na hewa chafu yenye asidi. Injini mpya kabisa hufanya hivyo, na injini iliyozeeka hufanya zaidi. Si kosa wala ugonjwa, ndivyo moto ulivyo ukifungiwa ndani ya chuma. Kosa huanza pale hewa hiyo inapokosa pa kutokea. Oili hugeuka tope, kwanza la rangi ya kahawa, kisha la rangi ya lami. Msukumo hupanda siku baada ya siku. Na kwa kuwa kamba hukatikia pembamba, msukumo huo hutafuta mahali dhaifu: sili ya mbele, sili ya nyuma, gasketi, mdomo wa stiki ya kupimia oili. Ukiziba hapa, utatokea pale. Ndiyo maana doa letu lilikuwa linahama. Mafundi wawili walikuwa wamelifukuza kama anayemfukuza mbuzi bondeni huku zizi limeachwa wazi.

Kwenye Corolla za aina ile kipumulio kimechomekwa juu ya kava la tapeti, ndani ya mpira mdogo wa duara, na kwenye kichwa chake kimevishwa bomba la mpira linalokwenda mahali injini inapovutia hewa. Karatasini ni kazi ya dakika tano: vua bomba, chomoa kipumulio, chomeka kipya. Lakini karatasi haijui joto la miaka ishirini na zaidi. Bomba lilikuwa limekauka kama ganda la muhogo. Nililizungusha likavunjika mkononi, nikalichana kwa wembe mpaka likaachia. Nikanyunyizia dawa ya kutu nikasubiri. Nikakikamata kipumulio kwa plaizi, nikajaribu kukizungusha kushoto, kulia, kushoto, kwa kadiri ya upana wa ukucha. Hakikusogea. Nikachemsha maji, nikachovya kitambaa, nikakizungushia kama mtu anayekanda mguu ulioteguka. Nikasubiri tena. Mzee alikuwa amekuja, amekaa kwenye kigoda, hasemi. Nilipoanza kuweka nguvu ya bega aliinua kidole kimoja tu. Nikaelewa. Chini ya mpira ule kuna tundu, na chini ya tundu kuna injini. Ukivuta kwa hasira, kitatoka kipumulio na mpira utapasuka, na vipande vitaanguka mahali ambapo mkono haufiki.

Na ndivyo ilivyokuwa, pamoja na subira yote. Kipumulio kilitoka kwa mlio mkavu, nusu ya mpira imekiganda shingoni, nusu imebaki tunduni. Nilipouminya ule uliobaki haukubonyea. Ulikuwa mgumu kama kipande cha sahani. Nimekaa nikiufikiria mpira huo kuliko kitu kingine chochote cha siku ile. Mpira kazi yake yote duniani ni kukubali: kukubali kubanwa ili usivujishe, kukubali kuvutwa ili usikatike. Bibi yangu alipokuwa akipika kisamvu cha mpira, yale majani ya mti ambao Wajerumani waliupanda huku kwa ajili ya utomvu wake, aliyachemsha mpaka yakawa laini kiasi cha kumlisha mtoto asiye na meno. Mpira wa injini kama huu hautoki mtini siku hizi, maana wa mti huvimba na kuoza ukikutana na oili. Huu wa kiwandani unatokana na mafuta yenyewe. Lakini nao umeumbwa kwa ulaini, na joto la kila siku huunyang'anya ulaini huo kidogo kidogo, bila kelele, huku ukionekana uko palepale na umbo lake ni lilelile. Siku ya kuutaka ukunjike ndipo unajua kwamba ulishaacha kuwa mpira zamani.

Nilipaka grisi kwenye ncha ya bisibisi, nikaanza kuvitoa vipande kimoja kimoja, kila kimoja kikinata kwenye grisi. Binti yangu alishika tochi ya simu. Kila nilichotoa alikipokea, akakifuta, akakipanga juu ya gazeti, akikitafutia mwenzake, mpaka duara likaanza kuonekana. Tulipomaliza, duara lilikuwa na pengo la ukubwa wa punje ya mchele. Sikuwasha gari. Nilijua kwamba punje ile ikiwa imeanguka ndani inaweza kuzungushwa na oili mpaka ikazibe njia nyembamba ambayo uhai wa injini unaitegemea, na nilikuwa tayari kufungua kava zima usiku ule. Tukatafuta kwenye nyasi, kwenye kitambaa, kwenye meno ya plaizi. Mwishowe ni yeye aliyekichukua kipumulio chenyewe, akapitisha kidole chake chembamba chini ya mdomo wake uliojaa tope jeusi. "Baba, hiki hapa." Akakiweka kwenye pengo, duara likafunga. Kisha akauliza swali nililokuwa nalo toka asubuhi bila kulipatia maneno: "Sasa hiyo hewa mbaya, ikishatoka, inakwenda wapi?"

Zamani ilikwenda barabarani. Magari ya kwanza yalikuwa na bomba tupu lililoning'inia chini ya injini. Gari likienda, upepo hufyonza ile hewa chafu na kuimwaga njiani, usoni kwa anayetembea nyuma. Dereva hakuiona wala kuinusa, kwa hiyo aliona injini yake ni safi. Mwaka 1943 mji wa Los Angeles kule Marekani ulifunikwa na ukungu wa moshi uliowachoma watu macho, na kwa kuwa vita vilikuwa vimepamba moto, wapo waliodhani Wajapani wamewashambulia kwa gesi. Walimtafuta adui baharini. Miaka michache baadaye mwanakemia aliyezaliwa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, akifundisha kule Pasadena, aliacha uchunguzi wake wa harufu ya mananasi akaigeukia hewa ya mji wake. Alionyesha kwamba mvuke wa petroli na gesi za moto, vikikutana na jua kali, hupika angani sumu ile iliyokuwa ikiwatoa watu machozi. Mojawapo ya mizani yake ilikuwa vipande vya mpira vilivyokunjwa na kuachwa hewani: kadiri hewa ilivyokuwa chafu, ndivyo mpira ulivyopasuka upesi. Nilipoyakumbuka haya niliyatazama yale makombo juu ya gazeti. Adui hakutoka baharini. Kwa sehemu alitoka chini ya kila boneti, katika pumzi ambayo kila mwenye gari aliona si yake.

Dawa ilipopatikana haikuwa kifuniko, na hapo ndipo ninaposimama na kustaajabu kila nikikitazama kichuma hiki. Magari mapya ya mwaka 1961 yaliyouzwa California yalianza kufungwa kipumulio hiki, na miaka miwili baadaye yakafuata ya Marekani nzima. Hakuna aliyeiambia injini ijizuie, maana ingepasuka. Iliambiwa imeze. Kipumulio huivuta hewa ile ya chini, huipandisha na kuichanganya na hewa safi inayoingia, huirudisha motoni iungue mara ya pili. Kilichokuwa uchafu kinakwenda kufanya kazi. Na hairudishwi ovyo. Injini ikiwa imetulia, mvuto wake ni mkali, na kile kijichuma cha ndani hupanda na kubanisha njia ili ipite kidogo. Ukikanyaga mafuta mvuto hupungua, springi hukirudisha nyuma na njia hupanuka. Na moto ukikosea njia ukarudi nyuma kwa kishindo, kijichuma hujifunga kabisa, mwali usishuke chini kwenye mvuke. Springi nyembamba kama unywele, na inajua saa ya kidogo, saa ya nyingi, na saa ya kunyamaza.

Nimewahi kukiona kitu cha namna hiyo mara moja tu nje ya injini. Ilikuwa kwenye matanga ya baba, Kisarawe. Sisi ni Wazaramo, na watani wetu ni Wanyamwezi, utani uliozaliwa enzi za misafara, wapagazi wao waliposhuka kutoka bara na pembe begani wakipita kwetu kuelekea pwani. Siku ya pili ya msiba, nyumba ikiwa imejaa na kimya kimekaa kifuani kwa kila mtu kama gunia, aliingia mtani wetu mmoja. Amevaa koti la kazi la baba, na kofia yake, na mkononi ameshika ungo. Akakaa katikati ya uwanja juu ya kinu kilicholazwa, akaushika ungo kama usukani. Baba alikuwa dereva wa lori miaka thelathini. Mtani akawasha, akakohoa kikohozi cha baba, akatia gia kwa kelele, akaitukana gia kwa tusi lilelile la baba, akapiga honi kuwaondoa wafiwa njiani, akatoa kichwa dirishani kudai nauli kwa shangazi. Nilimwona mama, aliyekuwa hajala wala kulia toka juzi, akaanguka ubavuni kwa dada yake akicheka, na kicheko kikageuka kilio, kilio cha sauti, cha haki, kilichochelewa. Wanawake wakampokea. Mtani akaendelea kuendesha, lakini alikuwa amepunguza sauti. Alimwona mama, akajua kiasi kimetosha.

Sidhani kama wazee wetu walipata kuuchora mchoro wa jambo hilo, lakini walilijenga kwa vipimo. Mtani hachukiwi, kwa hiyo lisilosemeka laweza kupitia kwake. Mtani haropoki, kwa hiyo halimwagiki barabarani. Uchungu ule haukutupwa nje ya nyumba wala haukufungiwa ndani; ulipandishwa palipo na watu, ukapata moto wake pale. Nadhani kanga nazo zina kazi hiyo: mwanamke aliyechukizwa na jirani huchagua maneno ya kanga, akaivaa akipita uani, na mwenye kusoma husoma, bila kofi, bila baraza la usuluhishi. Hata lugha inalijua jambo hili. Pumzi, pumua, pumzika: Kiswahili hakikuona sababu ya kutafuta mzizi mwingine kwa ajili ya mapumziko. Asiye na mahali pa kutoa pumzi hana mahali pa kupumzika.

Mimi sikulia siku ile. Nilikuwa mtoto mkubwa wa kiume, nikishika daftari la rambirambi, nikihesabu mchele. Kwenye arobaini nilikuwa nimesafiri kikazi. Watu walinisifu kwamba nimejikaza, na ni kweli nilijikaza, neno lenyewe ni la kamba. Kisha mwaka uliofuata nyumba yetu ikaanza kuvuja. Nilimkaripia binti yangu kwa sababu ya kijiko. Niligombana na mke wangu kwa sababu ya geti. Nilimjibu vibaya mwenzangu kazini jambo ambalo hakulistahili. Kila mara nilirekebisha palipovuja: nikaomba radhi, nikanunua zawadi, nikapunguza maneno, na kila mara doa likatokea mahali pengine. Mficha maradhi kilio humuumbua. Sikuyaunganisha mambo haya kwa werevu wangu. Niliyaunganisha nikiwa nimeinama kwenye injini ya baba, mikono imejaa oili iliyokuwa nyeusi kwa kukosa pa kupumulia, na yule mzee kwenye kigoda akisema polepole, bila kunitazama, "Hili gari mzee wako alilipenda sana." Tochi ya simu ikaanza kucheza, maana binti yangu aliacha kuangalia injini akawa ananiangalia mimi. Nililia nikiwa nimeshika plaizi. Mzee hakusema nyamaza. Alisogeza kigoda karibu, akaanza kunisimulia safari moja ya Morogoro, mvua ya masika, yeye na baba na lori la saruji lililokwama siku mbili. Sikuwa nimewahi kuisikia safari hiyo.

Kipumulio kipya nilikipata Gerezani, Kariakoo, pamoja na mpira wake. Muuza spea alikitikisa sikioni kabla ya kunipa, na mimi nikakitikisa, na tulipofika nyumbani binti yangu naye akakitikisa. Nikaupaka mpira mpya oili kidogo, nikauingiza tunduni kwa kidole gumba. Uliingia kwa ulaini, ukakaa. Tukafunga bomba jipya, tukawasha. Mzee akaniambia nifungue kifuniko cha oili na kuweka juu ya tundu kipande cha karatasi. Zamani pale pangefuka moshi. Sasa karatasi ilitulia, kisha ikabonyea katikati, ikivutwa ndani taratibu. Binti yangu akaweka kiganja chake hapo, akakaa nacho muda mrefu.

Ewe mwenye gari la zamani linalovuja, kabla hujakubali injini ishushwe, kichomoe kipumulio ukitikise sikioni. Kikiwa bubu, kibadilishe, na ununue na mpira wake, kwa maana wa zamani hautatoka mzima. Usiuvute kwa hasira, na usiwashe gari mpaka vipande vyote vimetimia. Mimi nilitandika boksi jeupe chini ya injini usiku uleule. Leo ni wiki ya sita, na boksi ni kavu.